Spishi Inavyotambuliwa, Kuelezwa na Kupewa Jina: Mfano wa Kisukuku cha Planktoni wa Pwani ya Tanzania

Mada ya uainishaji na mada ya mageuko ya viumbe husomwa mbalimbali. Watahiniwa wengi huingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa wamezikariri kama vitu viwili visivyojuana. Hapa tutazisoma pamoja kwa kutumia kiumbe kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Kiliishi baharini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, mabaki yake yalitolewa ardhini katika pwani ya kusini mwa Tanzania, na jina lake la pili ni la Mtanzania. Kinaitwa *Hantkenina singanoae*. Mtihani wa Biolojia utaujibu kwa Kiingereza, lakini soma maelezo haya kwanza ili ujue unachokwenda kukiandika.

Kwa nini mfano usitoke Mwanza?

Swali hili ni la haki, hasa kwako unayesoma ukiwa Nyamagana au Ilemela na ziwa unaliona dirishani. Mawe yanayoonekana kila upande wa jiji, pamoja na lile la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni, ni ya itale. Itale hutokana na uji wa moto uliopoa na kuganda chini ya ardhi, na ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Usitegemee kukuta kisukuku ndani ya mwamba wa namna hiyo. Visukuku tafuta kwenye miamba tabaka, yaani ile iliyotokana na tope, mchanga au chokaa kutuama chini ya maji.

Tope la chini ya Ziwa Victoria lina visukuku, tena vingi. Ni magamba ya daiatomu, mwani wa seli moja wenye kuta za silika. Kwa kuchunguza tope hilo, wanasayansi wamejua kwamba ziwa hili kubwa lilikauka karibu miaka 17,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Lakini hizo ni planktoni za maji baridi, na miaka 17,000 ni kama jana tu. Ukitaka planktoni za bahari za kale, panda basi uende Kilwa na Lindi.

Planktoni na gamba lake

Planktoni ni viumbe wanaoelea majini na kuchukuliwa na mkondo, kwa kuwa hawana nguvu ya kuogelea dhidi yake. Unawafahamu japo hujawahi kuwaona: dagaa wanaoanikwa mwaloni Kirumba wamenenepa kwa kula planktoni wanyama wa ziwani. Baharini wapo pia foraminifera. Hawa si wanyama wala mimea. Ni viumbe wa seli moja katika himaya ya Protoktista, na hujijengea gamba la kalsiamu kaboneti, dutu ileile ya chokaa.

Gamba la foraminifera lina vyumba vidogo vinavyoitwa chemba. Kiumbe huanza na chemba moja ndogo sana. Kadiri anavyokua huongeza nyingine, kila mpya ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia, bila kubomoa za zamani. Kwa hiyo gamba la aliyekomaa limebeba utoto wake wote ndani yake. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji tukifika kwenye mageuko.

Kiumbe akifa, gamba huzama na kufukiwa na tope. Kwa kawaida chokaa ya gamba huyeyuka na kuganda upya baada ya muda mrefu, na alama ndogondogo za juu yake hupotea. Pwani ya kusini mwa Tanzania ilipata bahati. Magamba yalifukiwa haraka katika udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kirahisi, na mpaka leo mengine bado yanang'aa kama kioo. Ndiyo sababu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kutoka nje, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walichoronga visima vingi vya utafiti katika maeneo ya Kilwa na Lindi. Hawakuwa wakitafuta mafuta. Walikuwa wakitafuta udongo wenyewe.

Kutoka udongo hadi hadubini

Kazi hii haina miujiza. Kipande cha udongo hulowekwa mpaka kilainike, kisha huoshwa kwa maji juu ya chekeche lenye matundu ya mikromita 63, yaani milimita 0.063. Tope laini hupita, na kinachobaki juu hukaushwa. Ukikiangalia kwa macho utadhani ni mchanga mweupe. Ukikiweka chini ya hadubini utaona kwamba nusu ya "mchanga" huo ni magamba. Mtafiti huokota gamba moja moja kwa ncha ya brashi nyembamba iliyoloweshwa, akilipanga kwenye kibati cheusi ili weupe wake uonekane. Yale muhimu hupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Mwenye haraka na apeleke maombi yake kwingine. Siku nzima inaweza kwisha kwa sampuli chache.

Angalia umbo, usitazame tu

Kosa linalowanyima watahiniwa wengi alama katika maswali ya kueleza kielelezo ni kuandika maneno yasiyopimika: "ni kidogo", "kina umbo zuri", "kinafanana na ua". Kidogo kiasi gani? Kinafanana na ua gani? Maelezo ya kisayansi ni yale ambayo mtu wa Bukoba asiyekiona kielelezo chako anaweza kuyasoma na kukitambua akipewa vingine kumi vilivyochanganywa nacho.

Anza na mzunguko wa gamba, kwa sababu ndiyo sifa inayotenganisha makundi makubwa. Kuna gamba linalojizungusha likipanda, kama ngazi ya mnara, na kuna linalojizungusha bapa, kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Mfano wa aina zote mbili uko ufukweni kwenu. Konokono wa jenasi *Biomphalaria* ana gamba bapa. Wa jenasi *Bulinus* ana gamba lenye kilele. Tofauti hiyo si mapambo. *Biomphalaria* ndiye anayebeba minyoo ya *Schistosoma mansoni*, inayoleta kichocho cha tumbo, ugonjwa uliowasumbua sana watu wa mwambao wa ziwa, na *Bulinus* hubeba ile ya kichocho cha kibofu. Mtaalamu wa afya anayezichanganya jenasi hizi mbili atautafuta ugonjwa mahali pasipo pake. (Usiingie majini kuwatafuta. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi. Magamba matupu yaliyokauka juu ya mchanga yanatosha kwa mazoezi.)

Baada ya mzunguko, hesabu chemba za mzunguko wa mwisho. Kisha angalia umbo la kila chemba: ni ya duara, au imerefuka kama kidole? Ncha yake ni butu, imevimba kama rungu, au imechongoka? Mlango wa gamba uko wapi na una umbo gani? Uso wake ni laini au una vitundu? Mwisho pima upana na uandike kipimo pamoja na kizio chake.

Tazama sasa ufunguo wa utambuzi ufuatao. Umefupishwa kwa ajili ya jenasi tatu tu za enzi ya Eosini, lakini umejengwa kama funguo zote: kila hatua ina kauli mbili zinazopingana.

1a. Gamba limejizungusha likipanda: si mojawapo ya jenasi hizi tatu.
1b. Gamba limejizungusha bapa: nenda 2.
2a. Chemba ni za mviringo, hazikurefuka wala hazina miiba: *Pseudohastigerina*.
2b. Chemba zimerefuka kwenda nje au zina miiba: nenda 3.
3a. Chemba zimerefuka kama vidole na ncha zake ni butu au zimevimba: *Clavigerinella*.
3b. Chemba zinaishia kwenye mwiba mwembamba wenye uwazi ndani kama mrija: *Hantkenina*.

Ukiombwa kutunga ufunguo, fuata mtindo huu. Usiandike "kubwa" upande mmoja na "lina miiba" upande wa pili, kwani hizo hazipingani: kiumbe kinaweza kuwa kikubwa na kuwa na miiba vilevile.

Pale ufunguo unapogoma

Hapa ndipo penye utamu wa habari. *Hantkenina* ni rahisi kutambua: gamba bapa, chini ya milimita moja, na mwiba katika kila chemba, kama nyota iliyopinda. Ilielea katika bahari nyingi za joto kwa mamilioni ya miaka. Lakini ilitoka wapi? Wataalamu walibishana kwa miaka mingi. Wengine walisema babu yake ni *Pseudohastigerina*, ile yenye chemba za mviringo, kwamba iliotesha miiba. Wengine walisema ni *Clavigerinella*, yenye chemba kama vidole, kwamba vidole vilinyooka na kuchongoka mpaka vikawa miiba. Kila upande ulikuwa na hoja, lakini magamba ya katikati, yale yaliyo njiani kutoka umbo moja kwenda jingine, yalikuwa haba.

Udongo wa Tanzania ulisaidia kulijibu swali hilo. Ulituama haraka, kwa hiyo muda mfupi wa kale umeacha unene mkubwa wa udongo, na hatua za mabadiliko zinaweza kufuatwa tabaka kwa tabaka. Paul Pearson na Helen Coxall walizichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Walionyesha kwamba mabadiliko yalikuwa ya polepole, na kwamba babu ni *Clavigerinella*. Ncha ya chemba iliyokuwa butu ilianza kusinyaa, ikachongoka, na hatimaye ikawa mwiba.

Rudi sasa kwenye hatua ya 3 ya ufunguo wetu. Utafanya nini na gamba ambalo ncha yake imesinyaa kidogo tu? Si butu, wala si mwiba kamili. Au gamba ambalo chemba moja ina ncha iliyochongoka na nyingine bado ni vidole? Kumbuka tulivyosema, gamba hutunza chemba zake zote, kwa hiyo hali mbili zinaweza kukaa katika gamba moja. Asili haikuchora mstari. Mtaalamu ndiye anayeuchora, na wajibu wake ni kusema wazi ameuchora wapi na kwa kigezo gani ili mwingine aweze kuupima au kuupinga. Magamba ya mwanzo kabisa yaliyovuka mstari huo, yenye chemba ndefu zinazochongoka taratibu na miiba ambayo bado haijajitenga vizuri na chemba, ndiyo yaliyopewa jina jipya la spishi, *Hantkenina singanoae*.

Ukiulizwa visukuku vinatoaje ushahidi wa mageuko, usiishie kwenye mfano wa farasi ambao kila mtu anaukariri. Mfano huu ni wa nyumbani na una kitu ambacho mifano mingi haina: umbo la babu, la mjukuu na la katikati, yakifuatana katika udongo mmoja.

Nini kinafanya maelezo yawe rasmi

Kuona kitu kipya hakutoshi. Foraminifera, ingawa si wanyama, hupewa majina kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama. (Daiatomu za ziwani hufuata kanuni za mimea. Usishangae, ni mapokeo tu ya zamani.) Mtafiti anatakiwa kuchapisha maelezo ya sifa, aonyeshe tofauti na spishi za karibu, ataje mahali na tabaka lilikotoka gamba, na achague gamba moja liwe kielelezo kikuu. Gamba hilo hutunzwa kwenye mkusanyo ambao watafiti wengine wanaweza kuufikia.

Kwa nini gamba moja? Fikiria mawe ya mizani sokoni. Muuzaji anaweza kuapa kwamba jiwe lake ni kilo moja, lakini ubishi ukizuka, jiwe hupelekwa kulinganishwa na kipimo sanifu. Kielelezo kikuu ni kipimo sanifu cha jina. Miaka hamsini ijayo mtu akidai kwamba magamba yake ni *Hantkenina singanoae*, jibu litatafutwa kwa kuyalinganisha na gamba hilo, hata kama walioliandikia wote wamekwisha kufariki. Halina maana kwamba ndilo zuri kuliko yote au ndilo la wastani. Ndilo tu lililobeba jina.

Jina lenyewe

Mfumo wa majina mawili ulianzishwa na Carl Linnaeus, na kwa wanyama majina huhesabiwa kuanzia mwaka 1758. Neno la kwanza ni jenasi na huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu. Katika kuchapa hutumika herufi za mlazo, na kwa mwandiko wa mkono pigia mstari kila neno peke yake, usiunganishe mstari mmoja chini ya yote mawili. Ni alama za bure hizi, usizitupe.

*Hantkenina* ilitungwa na Mmarekani Joseph Cushman katika miaka ya 1920 kwa heshima ya Hantken, mtaalamu wa Hungaria. Neno *singanoae* ni la heshima kwa Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC aliyeshiriki katika utafiti huo wa pwani. Tazama mwisho wa neno. Jina la mwanamke huongezewa -ae, la mwanamume -i. Kwa mwanamume mfano uko kwenu Mwanza: mwaka 1985 furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza alipewa jina *Haplochromis nyererei* kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Baadaye alihamishiwa jenasi nyingine akaitwa *Pundamilia nyererei*. Jenasi imebadilika, jina la pili limebaki. Mahali huonyeshwa mara nyingi kwa -ensis, kama *Hantkenina alabamensis*, iliyoelezwa kutoka Alabama, Marekani.

Neno la pili peke yake halitambulishi kitu. Sangara ni *Lates niloticus* na sato ni *Oreochromis niloticus*. Ukiandika "niloticus" tu, msahihishaji hajui kama unazungumzia sangara au sato.

Jina likikosewa

*Hantkenina* ilitoweka karibu miaka milioni 34 iliyopita, na kutoweka kwake ndiko kunakotumika duniani kote kuweka mpaka kati ya enzi ya Eosini na enzi ya Oligosini, wakati dunia ilipopoa na barafu kubwa kujengeka Antaktika. Kwa hiyo gamba moja lenye miiba hiyo linakuambia mengi: mwamba uliolibeba ulituama baada ya jenasi hii kutokea na kabla haijatoweka. Wachimbaji wa mafuta na gesi hutumia visukuku vidogo namna hii kujua wamefika tabaka la umri gani, kwa kuwa vijiti vya udongo vinavyotoka kisimani ni vyembamba mno kubeba mfupa wa mnyama mkubwa, lakini vinabeba magamba kwa maelfu. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inazalisha umeme unaotumika Dar es Salaam. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila watu wanaojua kusoma umri wa miamba.

Ukiiita *Clavigerinella* kuwa *Hantkenina*, umeupa mwamba umri usio wake, na ramani nzima ya chini ya ardhi inapinda kuanzia hapo. Pia jihadhari na gamba lililosafiri: mto au mawimbi yanaweza kumomonyoa mwamba wa kale na kuyatupa magamba yake katika tope jipya. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu hatoi umri kwa gamba moja. Hutazama kundi zima la spishi zilizokutwa pamoja.

Swali la kujipima

Umepewa magamba mawili ya foraminifera. Gamba A limejizungusha bapa, lina chemba nne katika mzunguko wa mwisho, zimerefuka na ncha zake zimevimba. Gamba B limejizungusha bapa, lina chemba tano, na kila chemba ina mwiba mwembamba wenye uwazi ndani. (a) Kwa kutumia ufunguo uliopewa, taja jenasi ya kila gamba na uonyeshe hatua ulizopitia. (b) Taja tofauti mbili zinazoonekana kati ya A na B. (c) Rafiki yako anasema idadi ya chemba ndiyo iliyokuwezesha kuzitenganisha jenasi hizi. Je, ni kweli?

Katika (a), hatua za gamba A ni 1b, 2b, 3a, na za gamba B ni 1b, 2b, 3b. Ziandike kwa mpangilio huo kabla ya jibu. Katika (b), kila tofauti itaje sifa ileile kwa pande zote mbili: "A ina ncha zilizovimba, B ina ncha zenye miiba", wala si "A imevimba, B ina chemba tano". Katika (c), jibu ni hapana: ufunguo haukuuliza idadi ya chemba katika hatua yoyote, na maelezo yako lazima yaonyeshe umeliona hilo.